Wanyamapori na majira yao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaokutana na mtafiti porini, amebeba darubini na daftari lililolowa umande, humuuliza maswali yanayofanana. Hapa yamekusanywa yale yanayorudi zaidi. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

Kwa nini mwanabiolojia akiambiwa "pale kuna tembo mia mbili" huuliza kwanza "lini?"

Kwa sababu idadi isiyo na tarehe haimsaidii. Pori lililojaa tembo Septemba laweza kuwa tupu Aprili, na hakuna aliyekufa wala aliyeuawa: wamefuata majani mabichi. Aliyehesabu Septemba na mwenzake aliyehesabu Aprili wakichanganya takwimu zao bila kutaja miezi, watatangaza maafa ambayo hayapo. Au, na hili ni baya zaidi, wataficha maafa yaliyopo. Ndiyo maana ukurasa wa daftari la porini huanza na tarehe, saa, hali ya hewa, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Mnyama mwenyewe huja baadaye.

Mnaposema majira, mna maana ya mvua na kiangazi, au yale manne ya wenzetu wa kaskazini?

Inategemea umbali wako na ikweta. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo saa ya wanyama ni mvua: masika, vuli, na vipindi vya ukavu katikati yake. Kadiri unavyokwenda mbali, kaskazini au kusini, mwanga na baridi ndivyo vinavyoshika usukani.

Tofauti hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mchana hurefuka kwa kanuni ileile kila mwaka, lakini mvua haina mkataba na mtu. Ndege wa Ulaya anaweza kujua kwa kipimo cha mwanga tu kwamba wakati wa kujiandaa kutaga umefika. Heroe wadogo wa Ziwa Natron hawana bahati hiyo. Wanahitaji maji yawe na kina cha kutosha kuwazuia fisi na mbweha wasifike kwenye viota vyao vya matope, lakini yasiwe mengi hadi kuvifunika viota vyenyewe. Mwaka mwingine hawatagi kabisa. Anayewachunguza lazima awe na subira ya abiria anayengoja basi lisilo na ratiba.

Kwa nini sensa za wanyama wakubwa hufanywa kiangazi?

Majani yamepukutika, nyasi ni fupi, na wanyama wamesogea karibu na maji machache yaliyobaki. Kwa ufupi, ndipo wanapoonekana. Ndege (ile ya injini, maana Kiswahili kimewapa jina moja yule wa manyoya na huyu wa mafuta) huruka kwa mistari iliyonyooka, kwa kimo kilekile. Watazamaji huhesabu wale tu walio ndani ya ukanda uliowekewa mipaka kwa fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Kisha hesabu ya vipande hivyo hupanuliwa kufikia eneo zima. Kundi likiwa kubwa mno hupigwa picha, na kazi ya kuhesabu humalizikia mezani, kichwa kikiuma.

Sensa kubwa ya tembo wa savana barani Afrika, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, ilihesabu tembo 352,271 katika nchi 18. Watazamaji walihesabu pia mizoga, kwa sababu uwiano wa mizoga kwa walio hai hueleza kama kundi linakufa kuliko linavyozaa. Mizoga, bila shaka, nayo huonekana vizuri zaidi nyasi zikiwa fupi.

Kasoro ya sensa ya kiangazi ni moja, na ni kubwa: inakuambia wanyama wako wapi kiangazi. Watu wengi husahau nusu hiyo ya pili ya sentensi. Tutairudia kwenye swali la usalama ndani ya hifadhi.

Ndege wa majini wana utaratibu wao. Sensa yao ya kimataifa, inayoendelea tangu 1967, hufanyika Januari, wakati wahamiaji wa kaskazini wamekwisha kutulia kwenye maziwa na fukwe wanakopitishia baridi.

Na wale waliojificha, kama panya na vyura, mnawahesabuje?

Kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tuseme umetega mitego, ukapata panya 60, ukawatia alama ukawaachia. Siku chache baadaye unatega tena, unapata 50, na kati yao 10 wana alama. Yaani mmoja kwa kila watano ana alama. Kwa kuwa wenye alama ni 60, wote kwa pamoja ni 300 hivi.

Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: kati ya mtego wa kwanza na wa pili asizaliwe mtu, asife mtu, asihamie wala kuhama. Hapo ndipo majira yanapoingia. Ukiacha wiki sita katikati ya msimu wa kuzaa, sharti limevunjika na jibu lako ni porojo. Kwa hiyo watafiti hutega siku chache mfululizo, wanapumzika, wanarudi mwezi unaofuata. Morogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamefanya hivyo kwa panya shamba mwezi baada ya mwezi tangu 1994. Utafiti wa Morogoro umeonyesha jambo lenye manufaa kwa mkulima: vuli ikija mapema na kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema, watoto wao nao huwahi kuzaa, na mlipuko wa panya hutabirika kabla haujafika shambani.

Kwa vyura na ndege, kazi kubwa ni ya masikio. Vyura wengi huimba usiku wa mvua za kwanza, na dume la ndege huimba zaidi anapotafuta mwenza au kulinda eneo lake. Ukienda msimu mwingine utaandika sifuri, na sifuri hiyo haitakuwa na maana kwamba hawapo. Kamongo, samaki mwenye mapafu, hukaa amejizika kwenye matope makavu akingoja maji yarudi. Nenda umtafute kwa wavu wakati huo.

Mnawatambuaje mmoja mmoja?

Mistari ya pundamilia, mabaka ya twiga na madoa ya chui hayarudiwi kwa mwingine, kama alama za vidole vyetu. Simba hutambuliwa kwa vidoti vilivyo kwenye mizizi ya ndevu zake, mbinu iliyochapishwa mwaka 1970 na inayotumika hadi leo. Tembo hujulikana kwa masikio: matundu, mipasuko, mishipa. Amboseli wamefuatiliwa hivyo tangu 1972, ukoo kwa ukoo.

Faida yake ni kwamba idadi peke yake huficha mengi. Kundi la 100 mwaka huu na 100 mwaka ujao laweza kuwa ni walewale, au laweza kuwa 40 wamekufa na 40 wamezaliwa. Ni hali mbili tofauti kabisa, na bila kuwajua kwa sura huwezi kuzitenganisha.

Kamera tegeshi huona nini ambacho mtu haoni?

Usiku, na hali ya mnyama asiyejua kwamba anatazamwa. Kamera hufungwa mtini, na joto la mwili linalopita mbele yake huifyatua. Katika milima ya Udzungwa, mwaka 2005, kamera za namna hii zilileta picha za sange mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Watafiti walirudi, wakampata, na mwaka 2008 akatambulishwa rasmi kwa sayansi kama spishi mpya.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa ni picha elfu kadhaa za majani yaliyorefuka ghafla baada ya mvua, yakipunga mkono mbele ya kamera kutwa nzima. Anayetega masika asipofyeka nyasi mbele ya lenzi atajuta.

Wahamiaji mnawafuataje wakati hawana mipaka?

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi 165 pete za alumini zenye namba. Pete bado zinatumika, kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Udhaifu wake ni kwamba lazima mtu mwingine amkamate au amwokote ndege huyo huko aendako, na wengi hawaonekani tena.

Vifaa vya setilaiti vilibadilisha mchezo. Mwaka 2007 jike mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa fukweni mwenye mdomo mrefu, alifuatiliwa akitoka Alaska hadi New Zealand, zaidi ya kilomita 11,000 juu ya bahari, siku nane hivi, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Mwaka 2022 kinda wa spishi hiyohiyo, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliruka kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania. Hakuwahi kusafiri njia hiyo maishani mwake.

Kwa mhifadhi, somo halipo kwenye rekodi. Lipo kwenye vituo. Wakati wa kurudi kaskazini ndege hawa husimama kula kwenye matope ya Bahari ya Manjano, na matope hayo yakifukiwa kujengwa viwanda, ndege wa New Zealand wanapungua bila mtu wa New Zealand kufanya kosa lolote.

Kola za shingoni zenye vifaa hivyo, na pete, haziwaumizi?

Zinaweza, ndiyo maana kuna kanuni. Kifaa hakitakiwi kuzidi sehemu ndogo ya uzito wa mnyama. Kwa ndege watafiti wengi hukomea asilimia tatu hadi tano, na mimi ningependa wakomee tatu. Mnyama mkubwa hupigwa kishale cha dawa ya usingizi asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi, kwa sababu mwili uliolala haujipoozi vizuri na jua la saa sita laweza kumuua. Jike mwenye mimba pevu huachwa. Popo waliolala pangoni kwa majira ya baridi hawasumbuliwi ovyo: kila wanapozinduka huchoma mafuta ambayo walitegemea yawafikishe hadi wadudu watakaporudi. Ugonjwa wa pua nyeupe, ulioonekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006, huua popo kwa njia hiyohiyo. Kuvu huwaamsha mara nyingi mno, na akiba inakwisha kabla ya baridi kwisha.

Kwa nini mnaokota kinyesi?

Kwa sababu kinyesi husema kweli na mwenye nacho hajui kama ameulizwa. Ndani yake kuna masalia ya chakula, minyoo, homoni za mimba na za msongo, na vinasaba vya mwenyewe. Ukikusanya kwa miezi kumi na miwili unaona mnyama anayekula majani masika akigeukia magamba ya miti kiangazi, na homoni za msongo zikipanda maji yanapopungua.

Tahadhari moja. Msituni, wanakohesabu marundo ya kinyesi ili kukadiria tembo wasioonekana, lazima wapime kwanza rundo hudumu siku ngapi. Mvua na mende wa kinyesi humaliza rundo upesi; kiangazi laweza kukaa muda mrefu sana. Usipolijua hilo, utadhani tembo huongezeka kila mvua inapokata.

Majira yakibadilika, wanyama hawabadiliki nayo?

Wengine hubadilika. Swali ni kama wanabadilika kwa mwendo uleule na chakula chao.

Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, Parus major, ndege mdogo anayekubali kutaga kwenye visanduku vya mbao, amekuwa akichunguzwa tangu 1947. Leo hutaga karibu wiki mbili mapema kuliko alivyotaga miaka ya 1960. Majani ya mialoni huchipua mapema, viwavi wanaoyala hutoka mapema, na ndege aliyekaa hapohapo mwaka mzima anahisi joto hilo na kuwahi.

Sasa mtazame Ficedula hypoleuca, mla wadudu anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ya Ulaya na kwenda Uholanzi kuzaa. Yuko maelfu ya kilomita mbali, na hana wa kumwambia kwamba huko Uholanzi viwavi wamewahi. Anaondoka kwa saa yake ya zamani, anafika, anataga, na makinda wanapoanguliwa sherehe ya viwavi imekwisha. Katika misitu ambako viwavi huwahi zaidi, idadi ya ndege hao ilipungua kwa takriban asilimia 90 ndani ya miongo miwili hivi. Hakuna aliyewawinda. Hakuna aliyekata msitu. Ni kalenda mbili tu zilizopishana.

Sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini ana shida ya aina hiyo kwenye manyoya. Hugeuka mweupe kwa kufuata urefu wa mchana, lakini theluji sasa huchelewa kuanguka na huwahi kuyeyuka. Sungura mweupe juu ya ardhi ya kahawia ni chakula kilichotengwa mezani. Na kwa kasa, joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga moto hutoa majike. Utafiti wa kasa wa kijani kutoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, uliochapishwa 2018, ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya wadogo ni majike.

Fani ya kuandika tarehe za matukio haya, ua la kwanza, yai la kwanza, mbayuwayu wa kwanza, huitwa fenolojia. Zamani ilionekana kazi ya wastaafu wenye bustani. Madaftari yao sasa ni dhahabu.

Ukame ukija, mtafiti hufanya nini? Si ndio mwisho wa utafiti?

Kinyume chake. Ni wakati wa uchungu, lakini mengi tunayoyajua yamejulikana mwaka wa shida.

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Tarangire. Katika miezi tisa watafiti waliona ndama 16 wa tembo wakifa kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa. Vifo havikugawanyika sawa. Koo zilizoongozwa na mabibi wazee ziliondoka hifadhini na kwenda kutafuta malisho na maji kwingine, na ndama wao wengi walipona. Ukoo uliobaki ulipoteza zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mabibi hao walikuwa na umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, na walikumbuka pa kwenda. Jangili anapomwangusha tembo mzee kwa sababu ya pembe kubwa, ukoo unapoteza na ramani.

Mfano wa pili ni wa simba wa Serengeti, waliofuatiliwa tangu 1966. Mwaka 1994 virusi vya mbwa vya distempa viliua karibu theluthi moja yao. Jambo lililowatatiza watafiti ni kwamba vipimo vya damu vilionyesha virusi hivyo vilikwisha kupita kwa simba miaka mingine bila kuua. Jibu lilipatikana kwenye majira. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame, nyati walidhoofika, na mvua ziliporudi walijaa kupe. Simba waliwala kwa wingi nyati hao, wakapata vimelea vya damu viitwavyo Babesia kwa kiwango kisicho cha kawaida, na distempa ikawakuta wamekwisha kudhoofika. Virusi peke yake visingefanya hivyo. Wala ukame peke yake.

Kama mnyama yuko ndani ya hifadhi, si yuko salama?

Yuko salama miezi anayokuwa ndani.

Tarangire inatosha kwa mfano. Kiangazi wanyama hujazana kwenye mto wake, na mgeni akiona huondoka ameridhika. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wengi hutoka kwenda nyanda za Simanjiro kuzaa, kwa sababu nyasi za huko zina madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Nyanda hizo ni ardhi ya vijiji, si hifadhi. Kama ramani ingechorwa kwa sensa ya kiangazi tu, Simanjiro isingeonekana, ingelimwa, na mto ungebaki na wanyama wanaopungua mwaka hadi mwaka bila sababu iliyo wazi. Katika kijiji cha Terrat kampuni za utalii zilikubaliana na wanakijiji kuwalipa kila mwaka ili malisho hayo yasilimwe. Ng'ombe wanaendelea kulishwa humo kama kawaida. Mimi naona mapatano ya namna hiyo yanafanya kazi ambayo uzio usingeiweza kamwe.

Uzio wenyewe una kisa chake Botswana. Uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo uliojengwa 1968 ulikata njia ya pundamilia kati ya Okavango na Makgadikgadi. Uliondolewa mwaka 2004. Kufikia 2007 watafiti waliowavisha pundamilia kola walishangaa kuwaona wakisafiri njia ileile ya zamani, mamia ya kilomita kwenda na kurudi, ingawa pundamilia wa pori haishi miaka ya kutosha kuikumbuka. Ushoroba uliofungwa unaweza kufunguka tena. Sharti ni kwamba kusiwe kumejengwa mji katikati.

Kuhifadhi ni lazima mumguse mnyama?

Mara nyingi sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa robo milioni hivi. Kilichowazuia kilikuwa sotoka, uliokuwa ukiua ndama wao. Aliyechanjwa ni ng'ombe wa wafugaji, si nyumbu. Ugonjwa ulipokatika kwa ng'ombe ukakosa njia ya kuwafikia wa porini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa milioni 1.3 hivi. Wakala nyasi, moto wa kiangazi ukakosa kuni, miti ikaota palipokuwa pameungua kila mwaka. Sotoka wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Mhifadhi ana kalenda yake?

Anayo. Savana huchomwa mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto uwe mdogo wa viraka viraka na usije ule wa mwisho wa kiangazi unaoteketeza hadi vilele vya miti. Magugu vamizi hung'olewa kabla hayajatoa mbegu. Fukwe za kasa hulindwa zaidi miezi ya kutaga. Barabara na njia za watalii hufungwa wakati wa kuzaa. Doria za ujangili hufuata maji kiangazi, kwa kuwa jangili naye anajua wanyama walipo.

Aliyetoweka porini anaweza kurudishwa?

Akiwa na pa kurudi. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, aligunduliwa 1996 katika bonde moja tu Tanzania, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa, lakini kuvu ya ngozi ya vyura nayo ikaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati ni kwamba vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 kizazi chao kilianza kurudishwa Kihansi. Sasa huyo ndiye chura ambaye mvua yake inategemea mabomba yasizibe.

Utafiti wa mwaka mmoja unatosha?

Unatosha kuandika tasnifu.

Mtu asiyesomea anaweza kusaidia?

Sana, na si kwa kubeba mizigo. Sensa ya ndege ya Krismasi ya Marekani ilianza mwaka 1900 na watu 27, badala ya desturi ya kwenda kuwapiga ndege risasi siku hiyo. Inaendelea hadi leo kwa maelfu ya wenye kujitolea. Anza na sehemu moja: mti, kisima, kona ya bwawa. Nenda siku ileile ya wiki, saa ileile, kwa muda uleule. Andika na siku ambazo hukuona kitu, maana hizo ndizo wengi huziruka, na bila hizo takwimu zako haziwezi kuonyesha kupungua. Ukitumia eBird au iNaturalist, mitandao ya kuandikia viumbe ulivyoviona, usianike mahali penye kiota wala mnyama anayewindwa kwa magendo.

Nimeokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni. Nifanyeje?

Soma herufi na namba zote, zikiwemo zilizoandikwa kwa udogo pembeni, na upige picha pete kwa karibu. Andika tarehe, mahali, na kama mzoga ulikuwa mpya au umekauka. Usimshike kwa mikono mitupu. Kwenye pete kuna jina au anwani ya kituo kilichoitoa. Watumie habari hizo hata kama pete inaonekana ya zamani sana. Nao watakujibu kwa kukuambia alivishwa wapi, siku gani, na alikuwa na umri gani.